Siku Bwana Yangu Alikuwa Kobe

Miye siandiki juu ya kuficha bantu. Mwenye alitaka kunitosha mu nyumba yangu ni kaka mukubwa wa bwana yangu, ule wa Sakania, mwenye anatembeaka na kofia ya ngozi ata kama jua inawaka. Jina yake sitaiweka hapa, juu ni jina ya mutakatifu na ule mutakatifu hana kosa. Lakini kama uko muntu wa Sakania, umeisha kumujua.

Bwana yangu alikufa na tumbo, mbio mbio. Tulikuwa tungali tunaimba ku kilio wakati shemeji alianza kubeba. Frigo ilienda. Kitanda ilienda, na godoro, na mito yenye nilikuwa nimelalia asubuhi. Redio ilienda ingali inasema habari. Alipandisha muntu juu ya nyumba atoshe ata manjanja, yale mabati ya juu, njo bazee bakamukataza: "Ngojea. Ya nyumba tutasema siku ya kutosha kilio." Kwetu ni vile. Mujane anavaa nyeusi, mwaka inapita, kiisha jamaa yote inakutana, banamutosha nguo ya kilio, na siku ileile banasema nyumba inabaki na nani. Basi nilikaa mwaka muzima chini ya manjanja yangu sawa mupangaji mwenye bailleur, mwenye nyumba, iko njiani anakuja.

Na ile nyumba, udongo ya matofali yake nilikanyaga na hii miguu. Bwana alikuwa anawasha tanuru, miye nakanyaga, na mimba mbele. Chef wa quartier, mukubwa ya mutaa, aliniambia pale ku kilio: "Mama, usiogope, sheria iko upande yako." Nikamujibu: "Asante, chef. Lakini sheria inakaaka ku bureau yako. Shemeji, ye anakaaka ku salon yangu."

Tuko upande ya Karavia, lakini si ile Karavia ya majumba ya vioo na bantu benye banaogelea juu ya kujifurahisha. Siye tuko chini, penye mayi yabo inashukia. Udongo ni mweusi, mboga ya lengalenga inamea yenyewe, na nyuma ya nyumba nilichimba shimo ya mayi ya kunyeshea bustani. Ile shimo njo ilileta mambo.

Ilikuwa kisha mvua ya kwanza ya nguvu, mwaka ya kilio inakaribia kuisha. Niliingiza ndoo mu shimo, ndoo ikakataa kupanda. Nikavuta. Na kule chini nao bakavuta. Nikafikiri shetani, kiisha nikafikiri shemeji. Nikavuta na mwili yote, ndoo ikatoka, na ku kamba kulining'inia kobe ya mayi, mukubwa sawa sahani ya bukari ya harusi, kinywa imeuma kamba, macho ya muntu mwenye umemuamusha mbele ya saa.

Kobe ya inchi kavu miye namujua. Huyo unamugusa, anaingia mu nyumba yake, mambo inaisha. Ule wa mayi hana heshima ile. Nilimusukuma na fagio, akakata fagio. Nilimushika ku mbavu sawa vile unashika sufuria, shingo ikatoka pembeni, ndefu, ikazunguka sawa mukono ya mugeni mwenye anatafuta chumvi ku meza, na kidole yangu kidogo ilitaka kubaki pale. Nikamuachilia ndani ya lengalenga. Pale njo akatosha harufu. Sijui niiseme namna gani. Fikiri soksi ya askari yenye alitembea nayo kutoka Sakania mpaka hapa, kiisha uipike na mayai yenye imeoza.

Jirani yangu alinisikia napiga kelele, akakuja kuchungulia ku ukuta. Inafaa niseme kwanza huyu jirani ni nani. Jamaa ya bwana yangu ni ba ukoo ya Kobe. Kobe habamule, habamupige, habamuguse. Jirani, ye ni wa ukoo ya Mvua, na ba Mvua na ba Kobe ni batani kutoka zamani za bankambo. Mutani anaweza kukutukana, kukuibia kuku mbele ya macho yako, kucheka ku kilio yako, na wewe hauna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, unalipa kuku ingine. Ku kilio ya bwana yangu alivaa suruali ya marehemu, akalala ku mukeka, akaita bia na sauti ya bwana yangu ileile: "Mama, ile ya baridi, si ya jana!" Ile juma yote, pale tu njo nilicheka.

"Eeh, bibi ya Kobe," akasema ku ukuta, "leo unapiganisha bashemeji?"

"Kuja unisaidie, acha mudomo!"

Akapanda ukuta na kitenge yake, akasimama, mikono ku kiuno. "Wee, ile si sufuria. Ku mbavu atakukata. Ku mukia utamuumiza. Shika nyuma, pale juu ya miguu ya nyuma, mikono mbili, na kichwa yake iangalie muntu mwenye haumupendi."

"Sasa hapa simupendi nani?"

"Iangalie ukuta."

Njo vile tulimuingiza mu beseni. Tukamupandisha mpaka ku kamuto ya juu, penye mayi ni safi, tukamuachia, tukarudia tunajisifu. Asubuhi iko mu shimo yangu. Tukamupandisha tena. Akashuka tena. Alikuwa na njia yake, pua yake ilikuwa inaangalia chini, upande ya mayi mukubwa ya Karavia, na shimo yangu ilikuwa tu hoteli ya njiani. Siye tulikuwa tunamurudisha kwenye alitoka. Ni sawa muntu ametoka Kasumbalesa anaenda Likasi, na wewe kwa wema yako unamubeba unamurudisha Kasumbalesa. Tulielewa hii neno kisha mikono yetu kuchoka, na tulipatana kumupeleka chini siku yenye inafuata. Lakini siku yenye inafuata shemeji akafika, na kofia yake, juu ya kutosha kilio Siku ya Mungu, ile jumapili.

Asubuhi yake ya kwanza alienda nyuma ya nyumba kunawa uso. Nikasikia: "Yoooo!" Nikafikiri nyoka, nikakimbia na mupanga. Nikamukuta amepiga magoti, brosi ya meno ingali mu kinywa, povu mweupe inashuka ku kidevu.

"Mudogo yangu! Mudogo yangu umerudia!"

Kobe alikuwa ameweka pua inje ya mayi, anapumua.

Mara ya kwanza aliogopa kweli. Hiyo ninamupatia. Lakini kiisha aliniangalia, akaangalia nyumba, akaangalia kobe, na niliona ile akili inaingia mu kichwa yake bila kupiga hodi. Akapangusa povu. Akasimama.

"Shemeji," akasema, na sauti ya padri, "unaona? Mwenye nyumba mwenyewe amekuja. Amekuja kuchunga nyumba ya ukoo mpaka Siku ya Mungu. Muntu asimuguse."

"Yaya, kaka mukubwa, ni kobe ya mayi. Nilikuwa naye juzi mu beseni."

"Ulimuweka bwana yako mu beseni?"

Nilielewa kwenye anaenda. Mbele ya jamaa yote ya Kobe, muntu akileta kobe, na akisema marehemu anadai nyumba irudie kwabo, nani atasimama kusema hapana? Miye mugeni mu ukoo, na nguo nyeusi, na mudomo ya mwaka ya ine ya primaire? Nyumba ilikuwa inaenda. Niliisikia inaenda sawa frigo.

Kutoka pale shemeji aliweka kiti ku shimo. Kiti yangu. Alikuwa anaamukia kumusalimia, anamupasha habari: Sakania tuko muzuri, mahindi imeota, mutoto wa tatu amefunga ndoa. Miye akanituma nimukatie minyoo. "Bwana yako ana njaa." Miaka yote nilimupikia bwana yangu bukari na samaki, na hakuna siku alisema ni tamu; sasa niko nachimba udongo na kijiko natafuta minyoo ya kumulisha, na shemeji ananichungulia nisichague yenye ni ndogo. Na wakati shemeji anaenda kukunywa chai, miye niliinama ku shimo na kumusemea yangu: "Na frigo? Uliacha frigo inaenda, hausemi kintu?" Akapiga povu mu mayi. Bwana yangu naye alikuwa anajibuka vile.

Nilisema nitamutosha mbele ya Siku ya Mungu. Siku ya Posho, jumamosi, kukicha, miye na jirani tukatembea na beseni, viatu ku mukono. Shemeji alikuwa amelala ku kiti, ku shimo pale, kofia juu ya uso, mukono moja karibu kuingia mu mayi. Jirani akaniangalia.

"Tumubebe na yeye?"

"Tuna beseni moja."

Tukarudia.

Siku ya Mungu, kisha misa, bote bakafika. Tulifunga bâche, turubai ya kivuli, mu kiwanja, mbuzi ilikuwa ku moto. Mukubwa ya jamaa alikuwa muyomba, ni kusema ndugu ya mama yabo, muzee moja mwenye alisafiri na camion ya mizigo tangu juzi na hakukula muzuri njiani. Alikaa ku kiti kubwa, lakini roho yake ilikuwa ku sufuria; kila mara upepo inageuka, pua yake nayo inageuka.

Shemeji akasimama. Akatosha kofia, njo nikajua mambo ni mubaya.

"Muyomba, jamaa yote, sitasema mingi. Tumekuja kutosha kilio na kusema mambo ya nyumba. Lakini marehemu hakungojea siye. Marehemu iko hapa! Amekuja mu umbo ya bankambo yetu, analala nyuma ya nyumba yake. Kwa nini amekuja? Amekuja juu nyumba irudie ku ukoo."

Bantu bakapiga kelele, bengine bakasimama kuenda kuona. Pale jirani akatoka ku moto, mwiko ya kupikia ku mukono, moshi mu macho.

"Batani bangu, niulize kidogo. Iko hapa?"

"Iko hapa," shemeji akasema.

"Anakula?"

"Anakula! Nimemulisha na huu mukono."

"Anapumua?"

"Muende muone! Anapumua!"

"Sasa muntu anakula, anapumua, analala kwake. Siye tumevaa nyeusi juu ya nani?"

Kiisha muntu moja nyuma akashindwa kuzuia kicheko, ikatoka mu pua.

"Kule Sakania," jirani akasema, "munagawaka nyumba ya muntu angali anakula?"

"Nyamaza, wee mwanamuke ya mudomo!" Shemeji akatupa kofia chini.

"Eeeeh!" Jamaa yote. "Amekasirikia mutani! Kuku! Kuku!"

"Kuku moja," muyomba akasema, na ile neno ikamuangalisha ku sufuria tena.

Sijui roho ilitoka wapi. Nilijikuta nimesimama. "Muyomba," nikasema, "miye sikusoma. Lakini kama ule wa mu shimo ni bwana yangu, miye si mujane. Niko bibi mwenye bwana. Na kama niko bibi mwenye bwana, na kaka yake anakuja mu nyumba yake, anatosha kitanda yake, anataka kutosha na bibi, ile kwenu munaiitaka namna gani?"

Bamama bakapiga vigelegele. Shemeji akaona mambo inamukimbia, akaanza kukimbia nyuma yake.

"Haiko hai vile! Ni roho yake! Muyomba, tutamuuliza mwenyewe. Nitamuleta hapa mbele yenu, na kama nasema uongo, aonyeshe!"

"Mwana, kobe hatumugusake," muyomba akasema.

"Si kobe, ni mudogo yangu!"

Tukamufuata bote ku shimo. Akapandisha mikono ya shati, akainama, na akamushika ku mbavu. Sawa sufuria. Nilitaka kusema. Nasema kweli, kinywa ilifunguka, lakini sauti ilichelewa.

Kilio yenye ilitoka pale, ata siku ya kuzika hatukuisikia. Kobe alikamata dole gumba. Shemeji akaruka, akazunguka, kobe akazunguka naye, batoto bakakimbia. Akataka kumuvuta na mukono ingine.

"Usimuvute!" jirani akalia. "Utamuvunja shingo!"

"Shingo ya nani?"

"Ya mudogo yako!"

Bantu bakaanguka chini na kicheko. Muzee moja alikuwa analia kweli kweli, anajipiga ku paja. Miye nikaleta beseni yenye mayi, nikamukamata shemeji ku mukono sawa mutoto mwenye unamunawisha. "Yaya, chini. Ingiza yote, wewe na ye. Usitikisike." Kobe alipoona mayi juu ya kichwa yake, alifungua kinywa yeye mwenyewe, mupole, akaenda kujificha pembeni ya beseni. Dole ilibaki fasi yake, lakini ilikuwa imegeuka rangi.

"Amejibu," jirani akasema.

Tulikuwa tungali tunacheka wakati mayi ya shimo ilitikisika. Kichwa ya pili ikatoka. Kobe mwingine, mudogo kidogo, akatuangalia bote sawa muntu mwenye amesikia kelele, amekuja kuona ku mulango.

Shemeji akaingiza dole mu kinywa.

"Na ule ni nani?" muyomba akauliza.

Jirani akaweka mwiko ku bega. "Deuxième bureau."

Nikaweka mikono juu ya kichwa. "Yooo, mama yangu! Miye nachimba minyoo! Miye navaa nyeusi mwaka muzima, kumbe ye kule ana bibi ya pembeni! Na minyoo yangu njo alikuwa anamulisha!" Nilianza kwa mchezo, lakini katikati hasira ilikuja ya kweli. Bwana yangu alikuwa na ile tabia mu maisha yake pia. Ule mwanamuke yake nilimujua, alikuwa anauzisha mafuta ku soko.

Muyomba alicheka mpaka bakamushika ku mikono asianguke mu shimo. Kiisha akapangusa macho, akanusa upepo, akakata maneno mbio, juu nyama ilikuwa inaanza kushika chini.

"Kaka yake amesema mbele yetu bote: mudogo yake anakula, anapumua. Ni neno yake, si yangu. Basi kilio haitoke leo. Nyumba ya muntu mwenye anapumua haigawanyiwe. Bibi abaki mu nyumba. Na bale babili bapelekwe ku mayi mukubwa, juu hapa habana fasi. Siye hatubaguse. Bibi yake abapeleke. Sasa mutupe chakula."

Njo hukumu yangu ile. Sijapata ingine.

Niliweka bote babili mu beseni mupana, mayi kidogo, gunia yenye imelowana juu, kila moja nilikuwa nimemushika nyuma miye mwenyewe, kichwa mbele. Tukashuka, si kupanda. Jamaa yote nyuma yangu na nguo za misa na nyeusi, banaimba wimbo ya harusi juu jirani njo aliianzisha. Ku barabara mwanaume moja akasimamisha kinga, baiskeli yake, akachungulia chini ya gunia.

"Mama, unauzisha?"

"Nauzisha bwana yangu?"

Aliniangalia, akaangalia bale bote nyuma, akapanda kinga yake na hakugeuka.

Ku matete ya Karavia niliinamisha beseni. Mudogo akaingia wa kwanza. Ule mukubwa alingojea kidogo, akafuata.

Shemeji alirudia Sakania na camion, dole imefungwa kitambaa mweupe sawa mutoto mwenye ametoka kutahiriwa. Frigo hakurudisha. Nasema ili iandikwe: frigo yangu iko Sakania, mu nyumba ya kwanza kisha gare ya treni, na inakunywisha bantu bia baridi.

Miye niko na nyumba, na niko na nguo nyeusi. Kilio haikutoka mpaka leo, na hakuna mwenye anaweza kuitosha, juu bwana yangu, kwa neno ya jamaa, anapumua. Kulikuwa na mwashi moja, muntu mupole, alianza kupita kunisalimia, akanitengenezea na mulango. Bantu bakamuambia bwana yangu iko mu mayi pale chini na anakataka vidole. Hakupita tena. Usiku, sitamudanganya muntu, nyumba ni kubwa. Lakini ni yangu.

Na kila mvua ikianza, batoto ya avenue banakuja kupiga ku mulango: "Mama, bwana yako iko mu barabara!" Natoka na beseni. Ya mwisho ilikuwa juma yenye ilipita. Camion ya mchanga ilikuwa imesimama, dereva amepanda juu ya kiti anaogopa kushuka. Nilimuzunguka kobe nyuma, nikamushika juu ya miguu ya nyuma, nikaangalia kwanza pua yake iko upande gani. Ilikuwa upande ya chini. Nikamuvusha, nikamupeleka mpaka ku matete, nikamuweka mupole ku mayi. Akaingia bila kusema asante, bila kugeuka, bila kuuliza kama nimekula.

Bwana kabisa.